Pakacha si Kasha

Maskati
Jumapili, baada ya adhuhuri

Ndugu yangu Haji,

Marahaba. Nakujibu kabla hujaniamkia, kwa sababu tangu Alkhamisi simu zangu hupokei, na kila ujumbe ninaokuletea unaurudishia picha ya kidole gumba. Mama hajambo? Magoti yake yanamruhusu kusali kwa kusimama? Mimi afya ninayo, alhamdulillahi. Joto la huku linatoka ukutani kama tanuri, kiyoyozi cha chumbani kwetu kimekufa, na mudiri, mkuu wetu wa kazi, ametubebesha tovuti za maduka matatu kwa mpigo. Hayo nayavumilia. Lisilovumilika ni ulilolifanya wewe.

Nikueleze kwa utaratibu, maana kwenye simu ulinikatiza kwa kicheko.

Alkhamisi, wakati wa chakula cha mchana, nilishikwa na hamu ya nyumbani. Nikafungua tovuti uliyomtengenezea Shangazi Mwaka ya nyumba yake ya wageni ya Bwejuu, nione vyumba vipya. Mkate wangu ukaisha, ukurasa bado unajikokota. Nikatazama maandishi yaliyo nyuma ya ukurasa, kama nilivyokufundisha kufanya kitu kinapokwama. Nikakuta herufi zimerundikana, kubwa kwa ndogo, na tarakimu katikati, na marundo mengine yamemalizikia alama ya sawasawa. Base64. Nikanakili rundo moja, nikaligeuza. Ikatokea picha ya pasipoti ya bibi wa Kizungu mwenye miwani: jina lake, siku aliyozaliwa, namba ya pasipoti yake. Nikageuza la pili. Baba mmoja na binti yake.

Nimeandika katika shajara yangu siku ile: "Haji ameanika watu."

Nilipokupigia ulisema, "Dada, tulia bwana. Zile nshazifunga. Nani atasoma makorokocho yale?"

"Umezifunga kwa ufunguo gani?"

"Si unaona hazisomeki!"

"Kwa macho yako. Kompyuta inazisoma kama unavyosoma jina lako."

"Aa, dada nawe! Maskati imekutia woga."

Ukakata.

Basi soma, kwa kuwa kusikiliza kumekushinda. Base64 haikutengenezwa kuficha. Ilitengenezwa kubebea. Njia kama za barua pepe zilizoea kupitisha maandishi matupu, na picha ikipita humo iliharibika. Kwa hiyo huchukuliwa baiti tatu, yaani punje tatu za data, zikakatwa vipande vinne vilivyo sawa, na kila kipande kikapewa alama yake kutoka orodha ya alama sitini na nne. Orodha hiyo ni moja dunia nzima. Anayepokea anarudi kwa njia ileile. Ufunguo haupo kwa sababu kufuli halipo. Na kwa kuwa tatu zimekuwa nne, mzigo unanenepa. Ndiyo maana ukurasa wako unajikokota. Ni pakacha, Haji. Samaki watafika sokoni Mwanakwerekwe ndani ya pakacha, lakini nani anatia dhahabu yake humo akasema ameifungia?

Unakumbuka Bububu, tulivyokuwa tukisema kinyume mbele ya Bibi? Silabi ya mwisho tunaipeleka mbele, tunajiona wajanja. Ukaninong'oneza nichukue "risuka" atakapokwenda kutia udhu. Bibi hakuinua kichwa kwenye mchele aliokuwa akiupepeta. Akasema, "Risuka imo kabatini, na kofi limo mkononi." Kofi ulilipata wewe. Nilidhani na somo ulilipata.

Ujinga hutibika, sikukasirikii ujinga. Linalonichoma ni kwamba ulimwambia Shangazi "zimefungwa", na yeye anawaambia wageni mlangoni, mkono kifuani: "Pasipoti zenu ni amana kwangu, mwanangu Haji kazitia kufuli." Mwanamke ambaye jirani akimwachia kuku, humlisha huyo kabla ya kuku wake! Umemtia uongo mdomoni bila yeye kujua. Siku mtu atakapotumia jina la mgeni mmojawapo kufanyia uovu, atakayeitwa mwongo Bwejuu nzima ni yeye.

Ukimaliza kusoma, zitoe zote kwenye ukurasa. Nakala zinazohitajika ziwekwe kwenye seva, mahali mpita njia hafiki, zifungwe kwa ufunguo wa kweli. Nitakuongoza, hasira zikiwa zimeniisha au hazijaniisha. Kisha nenda Bwejuu kwa miguu yako, si kwa simu. Wageni lazima waarifiwe, na Shangazi ndiye atakayesema waambiweje.

Nisalimie Mama, ila haya usimsomee. Msalimie mkeo Asha, na Mzee Khamis fundi cherehani, jirani yetu, mwambie kanzu aliyomshonea mume wangu imemkaa vizuri.

Jambo la mwisho. Najua utataka kumzungusha Shangazi kwa maneno ya kompyuta, kama ulivyonizungusha mimi. Usijaribu. Rundo la juu kabisa kwenye ukurasa wako nililigeuza mwisho. Si mgeni. Ni kitambulisho cha Shangazi mwenyewe, ulichotumia kujaribia ukasahau kukitoa. Herufi zake nimezibandika chini ya barua hii. Ukifika, kaa naye barazani, mwonyeshe herufi zile, umuulize kama zimefungwa. Kisha zigeuze mbele ya macho yake, umpe simu aione sura yake.

Halafu nyamaza, umsikilize.

Dada yako asiyekata simu,
Zuhura