Nimemwita Sefakor "Madam"

Dzifa uko? Nimemwita Sefakor "Madam". Mbele ya timu nzima.

Sefakor yule yule niliyemfundisha kutia uzi kwenye cherehani. Miaka tisa hapa kiwandani Madam ni mimi.

Ni huu mpango wa bosi wa kuongoza kwa zamu, kila mtu wiki yake. Wiki yangu tulimaliza mashati mia tatu ya shule. Yake, leo Alhamisi tu, tumepita mia nne.

Unajua anachofanya? Anauliza watu. Leo alimwuliza Mawusi wa vifungo, yule asiyefungua mdomo, kwa nini mashati yanarudishwa kurekebishwa. Mawusi akasema kola zinamfikia hazijapigwa pasi, kwa hiyo zinapinda. Analijua hilo tangu Pasaka.

Tangu Pasaka, Dzifa.

Nikamwambia, "Mbona mimi hukuniambia?" Akajibu huku anakata uzi, "Dada, hukuniuliza. Wewe ulikuwa unatuambia tu." Wakacheka wote, hata mzee wa pasi.

Nikageuka nimtie Sefakor adabu. Nikafungua mdomo, yakatoka haya: "Madam, kesho tuanze na kola?"

Madam. Mimi.

Hata hakutabasamu. Akasema, "Wewe unaonaje, Dada?"

Na jibu nilikuwa nalo. Nikaeleza, wakanisikiliza mpaka mwisho. Miaka tisa nawaamuru, hawajawahi kunisikiliza hivyo.

Namwonea wivu. Na kesho nataka kuwahi kazini.