Mlango wa Stoo ya Skii

Kivilampi, 17 Januari 1993

Mama mpendwa,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye baridi. Goti linaendeleaje? Na masikio, daktari amesemaje? Juzi kwenye simu najua hukusikia hata nusu, uliitikia tu "haya, haya," ndiyo maana naandika. Sisi wazima. Mkweo Jouko bado hajapata kazi tangu kiwanda cha mbao kifungwe. Anashinda akipasua kuni ambazo zimeshapasuliwa.

Mimi nimepata kazi! Si kamili, lakini kazi. Nafundisha watoto wenye mahitaji maalumu hapa shuleni, Jumatatu mpaka Jumatano, mkataba hadi Mei. Wananijia mmoja mmoja kwenye kijichumba kando ya jiko: huyu herufi zinamchezea, yule hesabu zinamliza. Mwalimu Mkuu, Bwana Hautala, ni mkarimu. Siku ya kwanza alinibebea mkoba akasema, "Karibu, Helka, hapa sisi ni familia moja."

Ila kuna mtoto ananinyima raha. Anaitwa Marjut, ana miaka tisa, na hasemi. Anavuma tu kama nyuki, nami nimeanza kuujua mvumo wa furaha na mvumo wa njaa. Jumatano tunaachana akicheka. Jumatatu namkuta kucha amezitafuna mpaka zinatoka damu, na funguo zikilia koridoni anaingia chini ya meza yangu na kuning'ang'ania mguu. Siku nisizokuwepo kunatokea nini? Nilimuuliza msaidizi wa darasa, akainama kufunga kamba za viatu. Viatu vyake havina kamba.

Naogopa, Mama, na sijui naogopa nini.

Mwanao,
Helka


Iisalmi, 22 Januari 1993

Helka wangu,

Nimefurahi mko wazima. Mimi nipo. Goti linatabiri theluji kuliko redio.

Sasa nisikilize. Usichimbe. Binti wa jirani yangu ana digrii, na kila siku yuko foleni ya wasio na kazi, anasimama nyuma ya mwalimu wake mwenyewe. Wewe una siku tatu, mume wako hana hata moja. Mtoto asiyesema anaweza kuogopa chochote. Wewe uliogopa mashine ya kufyonza vumbi mpaka ukaanza shule. Fundisha herufi zako, Mei ifike, wakuongezee mkataba. Halafu ndipo uulize maswali.

Nawatumia soksi. Kubwa ni za Jouko.

Mama yako


Kivilampi, 5 Februari 1993

Mama,

Hujambo? Natumaini u mzima. Nisamehe, leo salamu ni fupi na mwandiko ni mbaya.

Jana Alhamisi nilirudi shuleni kuchukua miwani niliyoisahau. Watoto wote walikuwa ukumbini wanakula supu ya njegere. Koridoni kimya. Nikasikia mkwaruzo nyuma ya mlango wa stoo ya skii, zile mbao za watoto za kutelezea thelujini, nikadhani panya. Kisha nikasikia mvumo. Ule sikuwahi kuusikia: mwembamba, wa puani, kama mtu anayejizuia asipumue. Nikaita, "Marjut?" Ukakatika ghafla. Mlango ulikuwa umefungwa kwa ufunguo.

Bwana Hautala akatokea na bakuli lake la supu mkononi. Hakushtuka. Alilishikilia vizuri lisimwagike, akafungua. Mama, mle ndani ni giza tupu, hakuna dirisha, baridi ya kutoa mvuke mdomoni. Marjut alikuwa amejikunja katikati ya skii, amejikojolea.

"Anatulizwa tu," akaniambia. "Anapiga wenzake. Wewe Alhamisi hupo, hujui anavyokuwa."

"Yumo humu tangu saa ngapi?"

"Tangu alipoanza."

Kisha akashusha sauti, akawa mpole, na upole ule ndio ulionitisha. "Helka, ukipiga kelele, halmashauri itauliza kama shule yetu inamuweza mtoto huyu. Haimuwezi. Watampeleka kule kwenye kituo cha watoto walemavu, mbali, afungwe mikanda kitandani. Ndicho unachomtakia?"

Nilimbadilisha nguo. Hakunitazama hata mara moja.

Jouko anasema niseme. Halafu anaangalia kabati la chakula. Nikisema, watamchukua. Nikinyamaza, Alhamisi nyingine inakuja. Niambie nifanye nini.

Mwanao,
Helka


Iisalmi, 9 Februari 1993

Helka wangu,

Nilianza kuisoma barua yako nimesimama, nikaimaliza nimekaa. Siulizi habari za afya, nimeshaziona kwenye mwandiko.

Ningependa kukuambia unyamaze. Nimeandika hivyo mara mbili na kuchana karatasi. Huyo mtoto ana mama? Basi mwambie yeye kabla ya mtu mwingine yeyote. Mtoto ni wake, si wako, wala si wa Hautala. Nenda nyumbani kwake, usipige simu.

Unijibu upesi, tafadhali.

Mama yako


Iisalmi, 28 Februari 1993

Helka,

Hujajibu. Nilipiga simu, mtu akapokea, sikusikia neno, kisha ikakatika. Alikuwa Jouko? Kwa nini hakusema kitu? Au alisema nami sikusikia? Mama wa watu nashinda dirishani nikimngoja mleta barua kama msichana anayengoja mchumba. Niandikie hata mstari mmoja.

Mama


Kivilampi, 14 Machi 1993

Mama mpendwa,

Nisamehe. Tuko hai, hatuumwi. Sikuandika kwa sababu kila nilipoanza sikujua mwisho ungekuwa upi.

Nilikwenda kwa Irja, mama yake Marjut. Analea peke yake, anafanya kazi kwenye duka la mikate. Alinimiminia kahawa, akanikatia mkate mtamu wa iliki. Nikamwambia yote. Akaweka kikombe chini polepole.

"Toka."

"Irja, mimi nataka tu—"

"Toka nyumbani kwangu! Mtoto wa dada yangu walimpeleka kituoni. Unajua alirudije? Kwenye jeneza. Na wewe unakuja kuwafungulia njia!"

Nilitembea mpaka nyumbani bila kofia. Jioni ile simu ikaanza. Inalia, mtu anapumua tu, kisha anakata. Jouko siku hizi anaipokea bila kusema neno, nadhani ndivyo ulivyomkuta. Dukani watu wananipisha kama nina upele.

Alhamisi iliyofuata, mpishi wa shule kanisimulia, Irja aliingia na kiti cha jikoni kwake, akakiweka mbele ya mlango wa stoo, akakaa, akatoa kazi yake ya kufuma.

"Bi Irja, wazazi hawaruhusiwi kukaa hapa," Hautala akamwambia.

"Ita polisi basi. Watakuja kuniuliza kwa nini nimekaa, na mimi nitawajibu."

Hakuita. Marjut alikula supu mezani na wenzake. Tangu hapo kila Alhamisi Irja yupo.

Lakini mapumziko yake ni Alhamisi tu, Ijumaa anaoka mikate, na akikosa kwenda kazini watamfukuza. Wala Irja hathubutu kumbakiza mtoto nyumbani: akikosa shule, watasema wameshindwa naye, na gari la kituoni litakuja. Irja alinijia mwenyewe akanieleza: Ijumaa iliyopita Marjut alirudi viganja vimevimba kwa kugonga mlango. Nimeandikia ofisi ya mkoa, wamejibu watalizungumza baada ya Pasaka. Hautala amenieleza mkataba wangu unaishia Mei, na nisikanyage shuleni siku zisizo zangu, la sivyo unaishia leo. Nikiondoka, Jumatatu mpaka Jumatano nazo zitakuwa zake.

Nikiamka Jumatatu nimeshaanza kuiogopa Ijumaa, Mama.

Mwanao,
Helka


Iisalmi, 16 Machi 1993

Helka,

Usijibu barua hii, hutanikuta. Nakuja na basi la Alhamisi.

Walimu wakuu nimewaogopa tangu nilipokuwa nikisukwa nywele za kwenda shule, na bado nawaogopa. Nikimfikiria huyo Hautala mikono inatoka jasho, hata kalamu inateleza. Lakini Ijumaa mimi sina kazi, na hakuna aliyenikataza kukanyaga hapo. Mwambie Irja aniachie kiti.

Na Alhamisi jioni, hata kama nimechoka, nipeleke kwao kwanza. Nataka mtoto anizoee kidogo, anishike uso, anivumie. Sitaki asubuhi anikute mbele ya ule mlango, aniogope na mimi.

Mama yako