Bluu ya Mama

Jumatatu, 3 Juni
Nimeosha vyombo, nimempaka Mama mafuta miguuni, nimemkalisha kibarazani. Kisha nikaenda na Fundi Shabani duka la mtaa wa Nyakato, kuchukua rangi ya sebule. Mama anataka bluu iliyokolea. Marehemu Baba alikuwaga anapaka chokaa nyeupe tu, Mama akanyamaza miaka yote. Mimi napenda krimu. Fundi akauliza tuchukue ipi. Nikasema krimu. Mama haoni, atajuaje? Ndivyo nilivyowaza.

Jumatano, 5 Juni
Fundi amemaliza. Pamependeza. Mama kapapasa ukuta, akauliza kama imekolea. Nikamwambia imekolea sana. Fundi akainama kuosha brashi. Hakuniangalia tena mpaka anaondoka.

Jumapili, 9 Juni
Mama kawasimulia wanakwaya wote bluu yake. Jirani yetu Mama Bhoke anataka kuja kuiona. Nikasema haijakauka. Naona aibu.

Jumanne, 18 Juni
Simu kutoka hospitali ya Bunda. Nafasi imepatikana, Mama atafanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho keshokutwa. Alicheka kama msichana. Mimi nikatamani ishindikane. Mara moja tu, lakini nilitamani. Binti gani huyu?

Nikampigia fundi aje apake upya kabla hatujarudi. Yuko Butiama, ana kazi mpaka mwisho wa mwezi. Hata angekuja, ningekuwa nadanganya tena.

Ijumaa, 21 Juni
Wametoa bandeji. Mama kanitazama muda mrefu. "Umekonda," akasema, akanishika shavu. Njia nzima anasoma vibao vya barabarani kwa sauti. Nilishindwa kumwambia. Tulipofika mlangoni ndipo nikasema, "Mama, ukuta sio bluu. Nilikudanganya."

Aliingia. Akatazama kuta zote nne. Akaenda chumbani kubadili kitenge. Afadhali angenitukana.

Jumapili, 23 Juni
Mama Bhoke amekuja kumpa pole. Akaangaza macho sebuleni, akauliza bluu iko wapi. Nilikuwa nimeshika chupa ya chai. Nikaiweka mezani.

"Nilibadili mawazo," Mama akajibu. "Hii inaleta mwanga." Akaomba sukari.

Kanisitiri mbele ya watu. Imeniuma kuliko kimya chake cha juzi.

Jioni tulichambua maharage pamoja. Nikamuuliza kama nimwite fundi arudie. Akasema sebule iache. Chumba chake ndicho kipakwe bluu, na rangi ataenda kuchagua mwenyewe.

Nikasema sawa. Sikuomba kumsindikiza.