Siku Odhiambo Alipojibu "Bado"

Jumanne, Homa Bay. Jua kali tangu asubuhi, na upepo wa ziwani umegoma kuvuma. Sijaenda sokoni. Nimemwambia jirani yangu wa kibandani kwamba naumwa kichwa. Si uongo mkubwa, maana kuna kitu kinaniuma, ila si kichwa.

Katika ukurasa wangu huu nimezoea kuandika mambo mepesi. Leo siwezi. Anayesoma na asome.

Mwezi wa tano nilipasuliwa kwa haraka, mimba ikiwa haijatimia, nikiwa katika usingizi wa dawa. Nilipoamka, tumbo lilikuwa tupu na Odhiambo, mume wangu, alikuwa amesimama dirishani amenipa mgongo. Akaniambia mtoto hakufika. Basi. Kesho yake mama mkwe na wanawake wa ukoo walikuja kutoka Magunga, kwao Odhiambo, wakamchukua mtoto wakaenda kumzika kule nyumbani. Mimi nilikuwa bado kitandani. Kwamba alikuwa msichana, niliambiwa na mama mkwe akiwa tayari mlangoni, kama mtu anayekumbuka kitu alichosahau kusema.

Sikumwona. Sikujua amelazwa upande gani wa boma. Sikuuliza, kwa sababu kila aliyekuja kunipa pole alinishauri nisiulize, nisilie sana, nitapata mwingine.

Nitapata mwingine. Kama sahani iliyovunjika.

Tangu hapo tunaishi vizuri, ukitutazama kwa nje. Odhiambo ni fundi wa kuchomelea mageti. Anarudi jioni akinuka chuma kilichoungua, anakula, anashukuru, analala. Mimi nauza mitumba, na tangu mwezi wa tano sijafungua bale la nguo za watoto. Hatugombani. Wakati mwingine natamani tugombane.

Safari ilikuwa wazo lake. Kuna mteja aliyemtengenezea geti, mtu wa Kuria, aliyemsifia mto na pango upande wa Ntimaru. Odhiambo akaja na wazo hilo mezani kama mtu aliyeokota kitu cha thamani. "Pesa ya Mombasa hatuna," akasema, "lakini ya kwenda kuona mto tunayo. Twende tupumzike, nyar Kendu." Ndivyo anavyoniita, binti wa Kendu, kwa sababu ndiko nilikozaliwa.

Sikuwa na hamu. Nilikubali kwa vile sikuwa na nguvu ya kukataa.

Jumamosi, sabato yetu, tulikuwa kanisani, kwa hiyo tuliondoka Jumapili alfajiri na viazi vitamu vya kuchemsha, mayai, na chai kwenye chupa. Kufika Ntimaru tukapata chumba cha bei ya chini nyuma ya duka la pembejeo: kitanda kimoja, beseni moja, choo cha nje. Tukaacha mkoba, tukaenda kwa miguu ili tusilipe bodaboda.

Ili kupatendea haki mahali pale niseme ukweli: ni pazuri. Mawe makubwa yamepandana juu ya vilima kama yalipangwa na mtu. Njia inapita katikati ya mashamba ya tumbaku na wimbi, halafu ardhi inakatika ghafla na mto uko chini yako, unapiga kelele kwenye miamba, rangi ya chai ya maziwa. Ng'ombe walikuwa wanavuka. Mahali kama hapo watu hulipa pesa nyingi kwenda kupaona.

Uzuri wote ule ulinipita hivihivi. Odhiambo alinipiga picha nimekaa juu ya jiwe. Nimeiangalia leo asubuhi. Nafanana na mtu anayengoja kuitwa na daktari.

Pango liko ndani ya shamba la mama mmoja anayeitwa Boke. Tulimkuta akipalilia mahindi, ana gambuti miguuni na kitambaa cha njano kichwani. Odhiambo akamwomba atuonyeshe, naye akachukua panga lake na kutangulia. Tulizungumza Kiswahili, maana yeye hajui Dholuo nasi hatujui Kikuria.

"Mko na watoto wangapi?" akauliza huku akifyeka nyasi zilizofunga njia.

Swali la kawaida. Huku kwetu watu huulizana hilo kabla hata ya majina. Nilifungua mdomo, na sijui ningesema nini.

"Bado," Odhiambo akajibu haraka. "Mungu akipenda."

Bado.

Nilisimama. Wao waliendelea kutembea. Nilitazama mgongo wa mume wangu, shati nililolipiga pasi mimi, na kwa mara ya kwanza tangu tuoane nilimchukia. Mtoto wetu nilimbeba miezi saba. Alikuwa akinipiga teke kila nikinywa chai. Sasa mgeni ameambiwa kwamba hajawahi kuwepo, na aliyesema ni baba yake.

Mlango wa pango ni mdogo, lazima uiname. Ndani kunapanuka, kuna baridi, na harufu ya popo inakukaba koo. Tuliwasha tochi za simu. Boke akatuonyesha mahali ambapo mwamba umekuwa mweusi kwa moshi wa zamani.

"Hapa ndio wamama walikuwa wanajificha na watoto, wakati ya vita ya ng'ombe," alisema. "Adui akipita huko juu, mtoto hafai kulia. Mama anamfunika mdomo. Hivi." Akaweka kiganja juu ya mdomo wake. "Wengine walitoka wazima. Wengine hapana."

Alikuwa bado anaeleza tuliposikia kengele ya ng'ombe nje. Akaruka. "Hao wameingia mahindi yangu! Ngojeni, narudi." Akatoka mbio akiwatukana kwa Kikuria.

Tukabaki sisi wawili.

"Kwa nini ulisema bado?" nikamuuliza.

"Ningesema nini, nyar Kendu? Huyo ni mtu hatumjui."

"Ungesema mmoja."

Popo walikuwa wanasogea juu yetu, wanalia vile wanavyolia. Nilidhani ataniambia tutoke, kama anavyofanya siku zote maneno yakianza kuwa mazito. Badala yake alizima tochi yake, kisha na yangu. Nafikiri hakutaka nimwone uso.

"Alilia," akasema.

"Nani?"

"Mtoto. Alilia. Kidogo tu, kama paka mchanga. Wakanipa nimshike kwa sababu wewe ulikuwa bado umelala. Nikamfunga na sweta yangu. Alinishika kidole, hiki." Sikuweza kuona ni kidole gani. "Daktari aliniambia mapema kwamba mapafu bado, kwamba nisiwe na tumaini sana. Basi nikamshika tu. Nikamshika mpaka akaacha."

Nilimpiga. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Nilimpiga kifuani kwa ngumi zote mbili, tena na tena, naye hakuinua mkono hata mmoja kujikinga.

"Uliniambia hakufika!"

"Mama alisema ukijua aliishi hutapona. Wote walisema hivyo. Na mimi nikaona ni afadhali nibebe peke yangu."

Nilipopata pumzi nilimuuliza kitu ambacho hata mimi sikutarajia kukiuliza. Nilimuuliza alizaliwa wakati gani. Sisi Wajaluo mtoto huja na jina lake: wa usiku ni Atieno, wa asubuhi ni Akinyi, wa jua la mchana ni Achieng. Mimi nilikuwa nimelazwa na dawa. Sikujua nilijifungua saa ngapi, kwa hiyo hata moyoni sikuwa na namna ya kumwita. Nilikuwa nalilia mtu asiye na jina.

"Saa siikumbuki," Odhiambo akasema. "Mvua ilikuwa inanyesha. Kubwa. Mabati yalikuwa yanapiga kelele mpaka nikaweka sikio kwa mdomo wake, nisikie kama bado anapumua."

"Akoth," nikasema. Mtoto wa mvua.

"Akoth," akarudia. Ndipo nikamsikia akilia. Miaka tisa ya ndoa na sikuwa nimewahi kusikia sauti ile.

Tulipotoka, mwangaza uliniumiza. Boke alikuwa amerudi, anahema. Alitutazama, mmoja kisha mwingine, halafu akaenda kuteka maji kwenye kikopo akaniletea.

"Nawa uso," alisema. "Mavi ya popo inauma macho."

Nikanawa. Nilikuwa nimeshamshukuru na kuanza kuondoka, nikageuka.

"Mama, tuko na mmoja. Anaitwa Akoth. Alikufa mwezi wa tano."

Odhiambo alikuwa ameinamisha kichwa, lakini hakusema la kunipinga.

"Pole, Mama Akoth," akasema Boke. Kisha akamgeukia. "Pole, Baba Akoth."

Hakuna mtu aliyekuwa ametuita hivyo.

Ningependa kuandika kwamba tulirudi tumeshikana mikono. Hatukushikana. Chumbani nililala nimegeukia ukuta, na jana njia nzima ya kurudi nilitazama nje. Nina hasira bado. Nina kitu kibaya zaidi ya hasira: namwonea mume wangu wivu. Alijua uzito wake. Kidole chake kilishikwa. Mimi nina kovu tu, na kovu halina uso. Tena nikikumbuka kwamba alibeba yale yote peke yake, huku akichomelea mageti ya watu na kunishukuru kwa chakula, namhurumia. Naenda nikirudi kati ya hayo mawili tangu Jumapili.

Leo asubuhi, alipokwisha kwenda kazini, nilimpigia mama mkwe.

"Mama, Akoth mlimlaza wapi?"

Nikasikia kuku wake upande wa pili, na mtu akitwanga mbali.

"Nani amekupa hilo jina?"

"Baba yake. Ameniambia kuhusu mvua."

Nilikuwa nimejiandaa kugombana. Nilikuwa nimeyapanga maneno tangu kitandani, maneno ambayo mke hamwambii mama wa mumewe.

"Nyuma ya jikoni, chini ya mti wa mpera," akasema. Sauti yake ilikuwa imezeeka. "Nafagia pale kila asubuhi, nyathina, mwanangu. Nilikuwa nangoja mmoja wenu aniulize."

Maneno yangu yote niliyoyapanga yakapotea.

Odhiambo alipokuja kula mchana nilimwambia tunaenda Magunga Jumapili. "Sawa, Mama Akoth," akasema, halafu akarudi kazini.

Sijui nitafanya nini nikifika pale. Labda nitalia, labda nitashindwa hata kulia. Sitaki maombi marefu na sitaki mtu aniambie nitapata mwingine. Nataka kuonyeshwa kwa kidole: hapa. Ili angalau nijue nisimame wapi.