Mchezaji wa Dakika Tano

Yaya Zaina, dada yangu mkubwa,

Ijumaa hii ni arobaini yako. Shemeji amenitumia habari kwa dereva wa pikipiki kwamba mchele umeshapatikana na mbuzi yupo, kilichobaki ni watu. Nimejibu kwamba nitakuja. Halafu nikakaa hapa kwenye nyumba yangu ya kuchaji, mbele ya meza iliyojaa telefone za watu, nikaona siwezi kupanda pikipiki hiyo kabla sijakwambia jambo moja. Unanijua. Neno zito huwa nalikwepa mpaka linifuate lenyewe.

Kwanza habari za hapa Kasongo. Mama bado anaumwa miguu yake ile ile. Akitaka maji anaita jina lako, ananyamaza, kisha anaita langu. Mimi nakula, ingawa sombe ya majani ya muhogo ninayopikiwa haina ladha na sijui nimlaumu nani. Mvua zimeanza mapema, jua halitoshi kuchaji telefone, na watu wananigombeza kana kwamba mawingu ni yangu.

Bado nacheza ule mchezo wa ngome kwenye telefone. Najua ungesema, "Mutu muzima na ndevu zake!" Ekipe yangu ipo: mmoja anacheza kutoka Bukavu, mwingine Lubumbashi, wa tatu Bujumbura, na sura zao sijaziona hata siku moja. Mimi ndiye shefu, kiongozi wao. Mahali pako sasa yupo mtu wa Kindu. Anacheza vizuri sana. Hasalimii, haulizi, anaangusha maadui kama mtu anayepalilia karanga. Tangu aingie tumepanda madaraja mawili na mimi sijafurahi hata mara moja.

Unakumbuka jinsi ulivyoingia? Ulikuja mwaka jana kumuuguza Mama, na mchana akilala unakuja kukaa hapa kwenye benchi, unanitazama nikibonyeza. Nikakuwekea mchezo kwenye telefone yako ili uache kuniuliza maswali. Ukaambiwa uchague mtu wa kuwa wewe. Kulikuwa na askari wa chuma, na malkia, na msichana mwenye upinde. Ukawaacha wote, ukamchagua mzee mnene mwenye kofia ya majani, ukasema, "Huyu iko na sura ya mutu mwenye amekula." Nilicheka mpaka mteja akafikiri namcheka yeye. Siku ile ya kwanza uliambiwa ukate miti kumi ya kujenga ukuta. Ukakata mmoja, ukauliza kwa nini kumi kama mmoja unatosha kuni.

Katika mchezo huu, Yaya, kuna watu wa kila siku na kuna watu wa kupita njia. Wa kila siku ni mimi. Anajua silaha zote, anahesabu pointi akiwa anakula, akishindwa hasira yake inawafikia hata watoto wa jirani. Wa kupita njia anafungua akipata nafasi, anatembea kidogo, anafunga, anaenda kumenya muhogo. Sisi tunawaita turisti. Tunasema hawajui kucheza. Nimefikiri sana juu ya jambo hilo tangu ulipoondoka, na sasa nadhani wewe ndiye uliyekuwa unacheza. Sisi wengine tulikuwa kazini bila kuajiriwa.

Uliporudi Kabambare nilifikiri utaacha. Huko kwenu rezo, mtandao wa simu, inashika mahali pamoja tu, juu ya kile kichuguu nyuma ya uwanja wa mpira, na watu wanapanga mstari kukipanda. Nilikiona mwenyewe nilipokuja kwenye sikukuu. Kila mtu ana zamu yake. Anapanda na telefone juu ya kichwa, anaongea na mtoto wake aliye mbali au anauliza bei ya mchele, na mwenye zamu ya nyuma akianza kukohoa, ujue muda wako umekwisha, ushuke. Kila siku ya soko, ukishauza mawese, ulipanda pale na zamu yako ya dakika tano. Na dakika zako hukumpigia mtu. Ulifungua mchezo.

Mzee wa kofia alikuwa anatokea mlangoni mwa ngome. Kazi yake ilikuwa kulinda daraja. Hakwenda darajani hata mara moja. Alikuwa anavuka uwanja polepole, vita vinaendelea, mishale inampita, anakuja mpaka mbele yangu, anasimama, anainua mkono. Basi. Nikiinua wangu, anatoweka. Wenzangu walikuwa wanaandika, "Shefu, turisti wako amefika." Nilikuwa naona haya, Yaya. Niliwaambia ni mteja wangu fulani. Sikusema ni dada yangu.

Na ulikuwa umenieleza. Ulikuwa umekaa palepale kwenye benchi, siku ya mwisho kabla hujarudi, ukasema, "Mimi siko mu ile mashindano yenu. Nitakuwa naingia kuona kama uko muzima, basi." Nikaitikia bila kuinua macho.

Yakaja mashindano ambayo nilikuwa nimeyangoja miezi mingi. Kila ekipe watu watano, na mtu asiyecheza kila siku anawapunguzia wengine pointi. Wa Bukavu akaandika kwamba ama turisti atoke ama yeye atoke. Nilikuwa nimekaa hapahapa, saa nne asubuhi, jua zuri, telefone zote zinajaa. Nikabonyeza jina lako. Mchezo ukaniuliza kama nina hakika. Nikabonyeza ndiyo, nikamhudumia mteja.

Nilijiambia nitakueleza. Kisha nikajiambia utaelewa mwenyewe. Siku ya soko ikafika, ukapanda kichuguu, ukafungua, ukamkuta mzee wako peke yake kwenye uwanja mtupu na maneno ya Kifaransa juu ya kichwa chake, wewe ambaye Kifaransa hukujifunza kwa sababu shule ilikuwa zamu yangu. Mtu wa Kasongo angejua ametolewa. Lakini kwenye kichuguu kile rezo inamtupa kila mtu nje, katikati ya neno, kila siku. Nani angefikiri ni mkono wa mtu? Ukanipigia. Nasikia bado upepo kwenye sauti yako. "Mudogo, rezo imenitupa inje. Nafanya namna gani?"

Na mimi nikasema, "Ndiyo, Yaya, rezo iko mubaya sana siku hizi. Ngoja tu."

Hilo ndilo neno la mwisho nililokwambia ukiwa hai. Ngoja tu.

Ukangoja. Shemeji alinieleza kwenye matanga kwamba ulipanda siku tatu za soko mfululizo. Siku moja mvua ilikukuta pale juu ukakataa kushuka mpaka zamu iishe. Lakini wewe hukuwa mjinga. Wenzako walikuwa wanaongea na watoto wao mahali palepale uliposimama, kwa hiyo si rezo. Ni telefone. Ukampelekea fundi, fundi akasema haina ugonjwa. Basi kuna mtu amebonyeza mahali. Na nani mwingine aliyekuwa anaichezea telefone yako ukiwa shambani? Binti yako Furaha.

Sikujua, Yaya. Naapa sikujua kwamba ulimgombeza mtoto. Shemeji anasema haikuwa kawaida yako, kwamba ulimnyima telefone, ukawa humwiti tena akae nawe jioni umsuke. Siku zikapita hivyo. Jumatatu homa ikakushika, Jumapili tukakuzika.

Siku ya tatu ya matanga alikuja kukaa karibu yangu nyuma ya jiko, mikono ina povu la sahani. Akasema, "Mujomba, ni mimi niliharibu telefone ya mama. Sijue nilibonyeza wapi." Kisha akasema, "Mama amekufa akiwa amenikasirikia." Hakulia. Alisema kama mtoto anayetaja jina lake kwa mwalimu.

Nilikuwa na jibu mdomoni. Neno moja tu lingemtosha. Nikamshika kichwa, nikasema, "Nyamaza, mama, imepita." Imepita! Nikainuka, nikaenda kukaa na wanaume.

Niliogopa. Nakuandikia hivi kwa kuwa wewe hutanikatiza. Niliogopa shemeji ataniangalia vipi, na Mama, akijua kwamba mwanaume wa miaka thelathini na nne amemfukuza dada yake kwa sababu ya pointi. Niliogopa kuchekwa, Yaya, kwenye msiba wako. Kwa woga huo nimemwacha mtoto na mzigo wangu karibu siku arobaini. Shemeji anasema hagusi telefone yoyote tena. Bibi yake akitaka kusikia sauti yake, anakimbilia shambani.

Juzi nimefungua orodha ya watu waliotolewa. Mzee wa kofia yupo, na hesabu ya siku tangu aonekane. Kuna kitufe cha kumrudisha. Nilikibonyeza kabla sijafikiri. Mchezo ukaandika kwamba mwaliko umetumwa, unangoja jibu lako. Nikazima telefone, nikafunga mlango mapema, wateja wakarudi na telefone zisizojaa.

Sasa nakuahidi, na neno hili nimelitamka kwa sauti hapa dukani ili nisilitoroke. Ijumaa, kabla dua haijaanza, nitamwita Furaha mbele ya baba yake. Nitaomba telefone yako. Nitampa aishike, na nitamweleza jinsi nilivyobonyeza, nilivyokudanganya, na jinsi nilivyomdanganya yeye pale jikoni. Nitamwambia hukuwa na sababu ya kumkasirikia, na kwamba hasira ile ilikuwa yangu mimi kuipokea, ilikosea njia tu. Mama nitamwambia kabla sijaondoka Kasongo, leo, akishamaliza uji.

Kwa ekipe nimeandika kwamba naacha ushefu. Wa Bukavu ameuliza kama nimeuza akaunti.

Siombi unisamehe, maana ningekuwa najijibu mwenyewe kwa sauti yako, na sauti yako nimeshaitumia vibaya vya kutosha. Pumzika, Yaya. Mungu akulaze pasipo na mstari wala zamu. Wewe huwezi tena kunijibu. Furaha ana miaka tisa, bado anaweza, na jibu lolote atakalonipa nitasimama nilisikie mpaka mwisho.

Mdogo wako,
Ramazani