Kiti cha Karibu na Mlango

Dada yangu,

Mimi mzima, ingawa nakuandikia kutoka wodi yenye kufuli. Fundi amepaka dirisha letu rangi likiwa limefungwa, sasa halifunguki, ungecheka.

Mwaka wa sita huu. Kila mwaka bodi ya hospitali huniita iamue kama nitoke. Mimi huinamisha macho nikanyamaza, kama mama alivyotufunza mbele ya wakubwa. Wao huandika: "Hajitambui." Juzi wakili wangu akanifokea, "Kaka, adabu yako ndiyo inayokufunga! Una haki ya kusema, na ya kuja na ndugu."

Basi najizoeza kutazama watu machoni. Nesi anasema namtisha.

Bodi itakaa Jumanne ijayo, saa tatu asubuhi. Najua mkono niliokuvunja nilipougua akili bado unakuuma wakati wa baridi. Sheria inanipa haki ya kukuita. Wewe haikulazimishi kuja, wala mimi sikulazimishi. Ila nimekuombea kiti, mbali na changu, karibu na mlango.

Mdogo wako,
Kitinda mimba