Ufunguo wa Mtakatifu Oswald

Little Thornbeck,
Jumamosi, 9 Oktoba

Mpendwa dada Muriel,

Pokea salamu tele, wewe na shemeji Clive. Goti lako limepoa, au bado unapanda ngazi kwa kuguna? Mimi mwili mzima, ila roho inachemka, na usiponisikiliza wewe sijui nani atanisikiliza.

Dada, wametutupa! Parishi imechapisha kijitabu cha kuwaonyesha wageni makanisa na mahali pa kale pa kutembelea huku kwetu. Makanisa sita yamo. Daraja la watawa limo. Hata kile kisima cha Nether Gill, ambacho utotoni mwetu kilikuwa cha kunyweshea ng'ombe, leo eti ni kisima kitakatifu! Lakini Mtakatifu Oswald, kanisa lenye Siku ya Hukumu iliyochorwa ukutani miaka mia sita iliyopita, kanisa walipolala baba na mama, limepewa mstari mmoja tu: "Hufungwa daima. Msijisumbue."

Msijisumbue! Nikakitupa kijitabu, chai ikanimwagikia mapajani.

Na si jambo la kuchekea. Askofu ametuandikia kwamba kanisa lisilo na wageni hadi Krismasi litafungwa moja kwa moja. La Scargate lilifungwa hivyo hivyo, likauzwa, na leo bafu la mtu liko palipokuwa na madhabahu.

Basi nikavaa kofia nikamwendea kasisi wetu, Bwana Fenwick. Maskini, akaapa kuwa hakuandika yeye. Aliyeandika ni mwalimu mstaafu aitwaye Pym, aliyezunguka kanisa moja baada ya jingine kwa miguu. Mimi sikutulia. Jumapili iliyopita, Sikukuu ya Mavuno, baada ya ibada, watu wakiwa na vikombe vyao vya chai mkononi, nilitangaza kwamba ninamjua anayewafungia wageni mlango: ni Dorothy Kell, mpanga maua, asiyetaka matope kwenye sakafu yake. Dorothy akaweka kikombe chini. "We Enid, mimi na ufunguo wapi na wapi? Si uko jikoni kwako tangu enzi za babu yako?" Watu wakacheka. Nikamwambia asinipandishe presha, mwongo mkubwa. Akabeba maboga yake ya mavuno kutoka madhabahuni, akaenda zake analia.

Jumatatu hodi ikabishwa mlangoni kwangu. Nilipofungua, nikakuta uso ninaoujua.

Unawakumbuka wale wezi waliobandua mabamba ya madini ya risasi kwenye paa la kanisa la jirani wakaenda kuyauza? Tangu hapo, mtu akiinua macho kutazama paa letu, sote tunamkodolea. Mwezi Machi nilimwona mzee mmoja akilizunguka kanisa, anatazama paa, anahesabu hatua, anaandika kwenye daftari. Akaja kuniomba ufunguo. Nikamjibu kuwa umepotea, na kwamba watu wa aina yake nawajua. Kisha nikamfungulia mbwa wangu Bruno, akamrarua suruali.

Alikuwa yeye, dada. Huyo ndiye Pym. Jumatatu alivua kofia akaniuliza kwa upole kama ufunguo umeshapatikana.

Nilimfungulia. Alisimama mbele ya ule mchoro wa Siku ya Hukumu, halafu akafuta miwani. Amesema ataandika upya, lakini vijitabu vimekwishasambazwa kila mahali, na Krismasi hiyooo inakuja. Hili la kumfukuza Pym sijamwambia mtu isipokuwa wewe. Kesho baada ya ibada nitasimama mbele ya watu wale wale na vikombe vyao, nimwombe Dorothy msamaha kwa sauti ile ile niliyomtukania. Naona aibu, dada, kuliko nilivyowahi kuona maishani.

Kanisa likifungwa, usimlaumu askofu. Aliyelifunga ni mimi.

Nisalimie Clive na watoto wote. Mkija, msipite kwangu kuuliza ufunguo: nimeutundika kwenye mlango wa kanisa, na msumari wa jikoni uko mtupu.

Ni mimi mdogo wako,
Enid